Wa Kulala na Bibi

Kwetu Pemba, upande wa Micheweni kwenye mawe mengi kuliko udongo, mwanamke mtu mzima halali nyumbani peke yake. Haijalishi kama haogopi. Shangazi yangu haogopi jini wala mtu, lakini hilo si shauri lake, ni shauri la ukoo. Mume akifa, au Mungu asipomjaalia mtu mwana wa kumvyaa, wa tumbo lake mwenyewe, jamaa hukaa kitako wakatazamana, na katika kutazamana huko hupatikana mtoto wa kike wa kupelekwa. Haendi kufanya kazi. Anakwenda kulala na bibi, basi. Mchana atasoma Kurani chuoni, na skuli kama wenzake, na jua likizama atapanda kitanda cha bibi, mpaka siku atakapoolewa.

Mimi nilipelekwa kwa shangazi, dada wa baba yangu, nikiwa bado na pengo la meno ya mbele. Yeye alipelekwa nyumba hiyohiyo kwa bibi yake, na bibi yake kwa bibi yake. Makuti yametoka, bati likaingia, lakini uwanja ni ule na kisima ni kile. Ukiniuliza nyumba ile ya nani, nitakwambia ni ya aliyelala.

Na kulala kwenyewe hakukuwa kwa bure. Taa ikizimwa, shangazi alinitia majina ya wazee. Alianza na mama yake, akapanda juu mmoja mmoja, mpaka kwa yule aliyekuja akakichimba kisima. "Sema," ananambia. Nikisema nikaruka mtu, nafinywa paja. Nilifinywa sana mimi, maana nilikuwa na kichwa kizito na mdomo mwepesi, na jina likinipotea nilikuwa natunga langu. Kila mwaka mwezi wa Shaaban, kabla watu hawajavunja jungu la kuingia Ramadhani, ukoo mzima hukusanyika kusoma hitma ya wazee. Wanaume hukaa barazani na shehe, wanawake uani, na mtoto wa kulala na bibi ndiye husimama nyuma ya pazia la mlango akayataja majina kwa sauti, na barazani wakamrehemu kila mmoja. Hakuna kuandika. Shangazi akisema kuwa maiti wa kwenye karatasi ni maiti wa serikali.

Basi nikakua, nikaolewa, nikahamia Unguja, mjini. Nina duka langu la mapazia Darajani na mdomo wangu wa biashara, alhamdulillahi. Wiki ya kwanza nilipofungua kinywa dukani, wateja walicheka. Mmoja aliniiga neno kwa neno, na mimi nikacheka naye, nikaenda nyumbani nikalia. Tangu siku hiyo nikaikunja lahaja yangu nikaiweka, na sasa hata nikigombana na mume wangu nagombana Kiunguja.

Pemba nilikuwa nakwenda peke yangu, leo naingia kesho natoka. Kila nikiondoka shangazi alinisindikiza mpaka kwenye mti wa mkungu uliopo njiani, akasema: "Haya nenda, urudi. Ukija lete sabuni." Siku moja nilimtania, nikamuuliza mbona jirani akimtembelea, akitoka humwambia karibu tena na kumfungia mikate ya ufuta, na mimi natumwa sabuni. Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. Akasema karibu tena ni ya wageni.

Mwaka jana, baada ya hitma, binti wa binamu yangu, aliyekuwa akilala na shangazi baada yangu, aliolewa akenda Wete. Shangazi akabaki peke yake. Yule mama hajui kuomba. Alinipigia simu, akaniuliza hali, hali ya watoto, hali ya biashara, mwisho akasema, "Mwanangu, nyumba imekuwa kubwa."

Nilimfahamu. Wallahi nilimfahamu kabla hajamaliza. Nina watoto watatu, na wa kike ni mmoja, wakati ule alikuwa na miaka kumi na minne. Zamu ilikuwa yetu, na kila mtu kwenye grupu la ukoo alijua hivyo. Mimi nikajitia hamnazo. Nikamwambia nitampelekea fundi aje apige rangi.

Alicheka kwa adabu. Akasema rangi si mbaya.

Watu nikawaambia mwanangu ana mitihani, ana masomo ya ziada, skuli za shamba siku hizi si za kuaminika. Maneno mazuri yote hayo, na hakuna aliyeweza kunijibu. Lakini sababu haikuwa mitihani. Nilikuwa namwona kichwani mwangu, mwanangu anarudi mjini na mdomo wangu wa zamani, anafungua kinywa mbele ya watu, watu wanacheka. Nilimwona amekaa kwenye jiwe anapara samaki, na miguu ina vumbi. Nilikuwa naona haya ya kitu kilichonilea, na hilo sikumwambia hata mume wangu.

Ndipo nikapata akili yangu ya dukani. Jirani yangu alikuwa na msichana wa kazi, wa Tanga, ana miaka kumi na minane, mamake amekufa, amezunguka nyumba za watu tangu mdogo, mtulivu, mkono wake msafi. Jirani alikuwa anahama, hamhitaji tena. Nikaelewana na msichana mshahara, nikamnunulia mabaibui mawili, nikampandisha boti. Kwenye grupu nikaandika kwamba nimeshampelekea bibi msichana wa kukaa naye. Zikaja masha Allah, zikaja dua, mmoja akaandika Mungu amkuze mwanao. Nikaona wamefahamu sivyo, wamedhani ni binti yangu. Kidole changu kilikuwa juu ya simu, ningeweza kusahihisha. Sikusahihisha.

Nilijisifu, sisemi uongo. Bibi kapata mtu, mwanangu kabaki skuli, na mimi nalala usingizi. Fimbo ya mbali haiui nyoka, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na simu ya kutumia pesa.

Mwaka mzima ukapita hivyo, nami sikutia mguu Pemba. Shaaban ya mwaka huu, shangazi akapiga simu kuhusu hitma, akaongeza kitu ambacho hakuwahi kukisema: "Njoo na mtoto, nimwone." Mara ya mwisho kumwona alikuwa ananyonya. Skuli zilikuwa zimefungwa, sikuwa na neno la kujifichia. Tukaenda.

Tulifika alasiri. Uani wamejaa wanawake, huyu anamenya vitunguu saumu, yule anachagua mchele, mashungi yamefungwa viunoni. Hata sijavua viatu, wakaanza. Wewe umezaa, mwenzetu. Mtoto umemlea, Mungu akuwekee. Hana kelele, hana uvivu, bibi yake akikohoa kashasimama. Mimi nimebaki natabasamu kama mtu aliyepewa tuzo ya mwenzake. Pale pale yule msichana wa Tanga akatoka jikoni anafuta mikono, akaja mbele yangu, akainama akanishika mkono akaubusu.

"Shikamoo, mama."

Wanawake wote wananitazama, wanangoja nimkumbatie. Nikamwitikia. Nikamshika kichwa. Sijui mkono wangu ulijua vipi la kufanya.

Halafu mmoja wao, mwenye sauti ya kuita kuku, akamnyooshea kidole mwanangu aliyesimama nyuma yangu na begi lake. Akauliza, na huyu je? Nikafungua mdomo. Mdomo huu unaowauzia watu mapazia wasiyoyahitaji ulikosa hata neno moja.

Shangazi alikuwa amekaa mkekani, amenyoosha goti lake bovu. Hakuinua macho kwenye ungo wa mchele. Akasema, "Mgeni wetu huyo, katoka mjini. Mpeni maji, kachoka."

Mwanangu alipewa maji kwenye gilasi ya kioo, ile inayokaa kabatini. Akanitazama juu ya gilasi. Nilitamani aseme mwenyewe, apige kelele, avunje gilasi. Mtoto nimemfunza adabu, akanywa maji akasema ahsante.

Tukapewa chumba cha wageni, mimi na yeye. Shuka mpya, ina mikunjo ya dukani. Miaka yote niliyokuja nyumba ile sikuwahi kulala chumba kile, nililala kitandani kwa shangazi, hata nikiwa na mimba ya miezi minane. Safari hii mlango wa chumba chake ulifungwa, na ndani nilisikia sauti mbili, moja inasema, nyingine inafuata. Mwanangu akaniuliza kwa nini yeye ni mgeni. Nikamwambia alale, kesho kuna kazi.

Asubuhi hitma ikasomwa. Walipofika kwenye kuwataja marehemu, shehe akagonga kikuku, ile pete ya mlango, kama desturi, na msichana wa Tanga akasimama nyuma ya pazia. Nikajisemea haya, ataanguka sasa hivi, na Mungu anisamehe, moyoni nilifurahi kidogo. Hakuanguka. Alianza na mama wa shangazi, akapanda. Mmoja mmoja, taratibu, na barazani wanamrehemu kila aliyetajwa. Alikuwa ameweka mkono pajani, pale pale ninapopajua mimi. Nami nikawa namfuata kwa midomo, nataka nijionyeshe kwamba na mimi namo. Nikaenda naye vizuri mpaka katikati, halafu kukawa na shimo. Mtu mzima, marehemu wa ukoo wangu, kanipotea. Yeye akamtaja bila kusita, akaendelea mpaka kwa mchimba kisima, akarudi akakaa kwenye kona yake.

Mwanangu aliniinamia sikioni. Akauliza, "Mama, hao ni nani?"

Ningemjibu nini, kwamba ni wewe hao?

Baada ya watu kula pilau yao na bokoboko, nilikimbilia masufuria. Ukiwa na haya, tafuta sufuria lililoungua, utapata pa kuweka uso. Akaja kuchutama karibu yangu bibi wa nyumba ya pili, aliyenijua tangu nakimbia na chupi. Tukasugua pamoja. Mwishowe akasema huyo mgeni wetu mzuri. Nikasema ndiyo. Akasema ana macho ya shangazi yako, na ana matege ya babu yako, Mungu amrehemu, aliyekuwa hawezi kumzuia mbuzi njiani asimpite katikati ya miguu.

Nikamuuliza nani mwengine anajua. Akashangaa swali. Alisema wamejua wote tangu mtoto anashuka garini, wanawake wa uani wote, hata wasioona vizuri. Basi kwa nini hawakusema? Akaniambia mwenye nyumba kashasema ni mgeni, nani atamkatalia mtu mgeni wake. Watu husema Wapemba hujuana kwa vilemba. Na wakishajuana hustiriana, hilo wanaosema hawalijui. Nilikuwa nimekaa katikati ya wanawake ishirini nikidhani nimefichwa na mmoja, kumbe wote wameshika ncha ya kanga iliyonifunika.

Nikaosha mikono nikaingia chumbani kwa shangazi. Alikuwa anapumzisha goti, amelifunga kitambaa cha mafuta ya karafuu. Nilisimama. Nikamwambia nimekosa. Nikasema mengi, ya duka na mitihani na ujinga wangu, yanatoka bila mpango, na yeye aliniacha mpaka nikakauka.

"Kaa kitako," akasema. Nikakaa chini, siyo kitandani. "Siku aliyofika, mtoto wa watu kaniuliza, bibi, kazi zenyewe ni zipi? Kaniambia kaletwa kufanya kazi. Nilitafuta pa kuuweka uso wangu. Mimi nimelea mtu, na huyo mtu kanipangia mfanyakazi wa kulala na mimi. Ningewaambiaje watu?"

Akakikaza kitambaa cha goti.

"Nikamwambia, mwanangu, hapa hapana kazi, pana kulala. Weka furushi lako. Walipouliza ni nani, nikasema ni mjukuu wangu. Sijasema uongo. Nilimfanya mjukuu kwanza, ndipo nikasema."

Haya yangu ikapanda mpaka masikioni, na haya ikizidi hutoka kwa njia ya ujinga. Nikamwambia basi nitamwacha mwanangu. Leo leo. Nitampigia baba yake, ataelewa, skuli zipo hapa pia, na yule wa Tanga nitamtafutia pengine pazuri. Nilikuwa nimeshamtoa mwanangu bila hata kumuuliza, kama nilivyotaka kumficha bila kumuuliza.

Shangazi alinyoosha mkono akaniwekea kichwani. Mkono wake mzito, una magamba ya kulima mwani miaka mingi.

"Mtoto haletwi kwa haya, mwanangu. Huletwa kwa kupenda. Na pale kitandani pana mtu."

Alisema kwa upole. Lau angenifinya.

Nikatoka uani nikamkuta yule msichana anaanika masinia. Mwanangu alikuwa pembeni yake, wanaanika pamoja, wanacheka jambo la kwao. Nilipokaribia wakanyamaza, na mwanangu akajitia kuingia jikoni. Yule wa Tanga akasema ana ombi. Nikajua ni nyongeza ya mshahara, nikasema moyoni anastahili, nitampa, nitampa mara mbili.

"Mama, usinitumie tena ile ya kila mwezi," akasema. "Nani analipwa kulala na bibi yake?"

Hakuwa ananipiga kijembe. Angekuwa ananipiga kijembe ningemjua, maana hiyo ndiyo lugha yangu. Alikuwa ananiomba kweli, kwa sauti ndogo, anaogopa nisije nikakataa. Nilijidai mafuta ya mkaango wa samaki yameniingia machoni, na siku ile hapakukaangwa samaki.

Kesho yake asubuhi tukaondoka kuwahi boti. Mwanangu aliniuliza njiani mpaka kwenye mkungu kama anaweza kuja tena likizo ijayo, afunzwe yale majina. Nikamwambia amuulize bibi. Shangazi alitusindikiza anachechemea, amemshika bega mjukuu wake wa Tanga. Msichana alibeba vifurushi viwili vya majani ya mgomba. Nilivitambua kabla sijavinusa, mikate ya ufuta.

Mwanangu akamuuliza. Shangazi akamshika uso kwa mikono miwili, akamtazama sana, yale macho yanatazama macho yake yenyewe.

"Karibu tena, mwanangu," akamwambia, akachukua kifurushi kimoja akampa.

Halafu akanigeukia mimi. Nikangoja anitume sabuni. Nilingoja, wallahi, nimesimama na mkoba wangu kama mtoto anayengoja kuitwa ndani. Akaniwekea kifurushi cha pili mkononi, akakifumba kiganja changu juu yake.

"Na wewe, karibu tena."

Nikasema ahsante.